Njia ya Mbao na Mgongo wa Abiria

Kabla ya lango la bustani ya starehe kufunguliwa, na kabla ya mtoto wa kwanza kusimama foleni na fedha yake mkononi, yuko mtu ambaye amekwisha kuipita njia nzima ya rolakosta ya mbao kwa miguu yake mwenyewe. Hapandi gari. Hupita katika kijia chembamba kandokando ya reli, nyundo mkononi, macho chini. Huigonga bolti na kuisikiliza kama tabibu asikilizavyo kifua, na mahali ambapo ubao umepasuka au msumari umeinua kichwa hutia alama ili wenzake waje kutengeneza. Historia ya chombo hiki haieleweki bila ya mtu huyo. Vitabu vingi huhesabu kimo cha vilima na kasi ya treni. Vichache husimulia habari za ubao unaokanyagwa na magurudumu, na vichache zaidi habari za mgongo wa abiria aketiye juu yake.

Rolakosta ni reli iliyojengwa kwa ajili ya mchezo. Treni yake haina injini: huvutwa kwa mnyororo hadi kilele cha kwanza, kisha huachwa, na uzito wake ndio uiendeshao katika mabonde na vilima hadi irudi kituoni. Majina yake katika lugha za Ulaya yana kichekesho ndani yake. Wafaransa na Wahispania huiita milima ya Kirusi. Warusi wenyewe huiita milima ya Kimarekani. Yaonekana kila taifa lilipenda kumtwika mwenzake wazimu huu. Katika shauri hili Wafaransa na Wahispania ndio wenye haki zaidi, kwa kuwa Warusi wa karne ya 17 na ya 18 ndio walioinua majukwaa ya miti wakati wa baridi kali, wakayafunika kwa barafu, wakateremka juu yake kwa sleji. Wafaransa, ambao baridi yao haidumu, walitia magurudumu mahali pa barafu. Mwaka 1817 zilifunguliwa Paris njia mbili za namna hiyo, moja Belleville na nyingine katika bustani ya Beaujon, na magurudumu yake yalishikwa ndani ya njia yasiweze kutoka.

Marekani iliingia katika habari hii kwa mlango wa kazi. Katika jimbo la Pennsylvania, mwaka 1827, ilijengwa reli ya kuteremsha makaa ya mawe kutoka milima ya Mauch Chunk. Magari yalishuka kwa uzito wake, na nyumbu wakayavuta kuyapandisha yakiwa matupu. Makaa yalipopata njia nyingine ya kusafirishwa, watu waliendelea kulipa nauli wateremshwe wao wenyewe mahali pa makaa. Mwezi wa Juni 1884 LaMarcus Thompson alifungua njia yake Coney Island, karibu na New York. Ilikuwa na urefu wa futi 600 hivi. Abiria walipanda mnara, wakaketi kando kando wakitazama bahari, wakateremka kwa kasi ya maili 6 kwa saa, ambayo mtu akikimbia polepole aweza kuipita. Nauli ilikuwa senti 5. Hapakuwa na haja ya kuuliza kama mgongo wa mtu ungeumia, maana punda wa mchuuzi humtikisa mpandaji zaidi ya hapo.

Wale waliomfuata Thompson hawakuridhika na mwendo wa punda. Waliiunganisha njia ikawa duara, wakatia mnyororo wa kupandishia, wakainua vilima. Hata hivyo, kwa muda wa miaka thelathini na zaidi gari la rolakosta lilishikwa na uzito wake tu. Lilikuwa na magurudumu chini na magurudumu madogo ubavuni yaliyogusa mbao za kando, likapita kama maji yapitavyo mferejini, na hapakuwa na kitu cha kulizuia lisiinuke. Kwa hiyo kilima hakikuweza kuwa kikali mno, na kona haikuweza kuwa ya haraka. Leap-The-Dips ya Altoona, Pennsylvania, iliyojengwa mwaka 1902, ni ya ukoo huo. Kimo chake ni futi 41 tu. Katika Scenic Railway ya Luna Park, Melbourne, iliyofunguliwa Desemba 1912, na katika Rutschebanen ya bustani ya Tivoli, Copenhagen, ya mwaka 1914, yuko mtu wa breki asafiriye pamoja na treni, mkono wake ukishika mpini. Yeye aijua njia. Ajua bonde lililochoka na kona iliyolegea, ajua kwamba asubuhi ya baridi treni huenda kwa uvivu na alasiri ya joto, grisi ikiisha kulainika, hukimbia kama iliyotishwa. Starehe ya abiria wa zama hizo ilikuwa katika kiganja cha mtu mmoja, na ubao ukiharibika kiganja hicho kiliweza kuuonea huruma.

Aliyeubadilisha mpango huo ni John Miller, aliyezaliwa mwaka 1872 na aliyeanza kazi kwa Thompson akiwa kijana. Hataza zake zazidi 100. Moja, ya mwaka 1910, ni ya komeo liizuialo treni isirudi nyuma mnyororo ukikatika. Mlio wa ta-ta-ta usikikao hadi leo treni inapopanda ni sauti ya komeo hilo. Nyingine, ya mwaka 1919, ni ya gurudumu la tatu lipitalo chini ya njia. Ni kitu kidogo kukitazama, lakini tangu siku hiyo gari halikuweza tena kuinuka likaiacha reli, na kwa sababu hiyo mjenzi akapata ruhusa ya kufanya mambo ambayo hapo kwanza yangekuwa mauti. Kilima kiliweza kumtupa abiria juu hata akaning'inia kati ya kiti na fimbo ya kumzuia. Kona iliweza kulalia upande. Mabonde yaliweza kuchimbwa hadi karibu na ardhi. Miaka ya 1920 ikawa zama za ujenzi usio na kifani: Jack Rabbit ya Kennywood mwaka 1920, Big Dipper ya Blackpool mwaka 1923, Giant Dipper ya Santa Cruz mwaka 1924.

Gharama ya ruhusa hiyo iliwekwa juu ya ubao. Zamani ubao ulikandamizwa tu kutoka juu; sasa ulikandamizwa kutoka juu, ukasukumwa kutoka upande, na ukavutwa kutoka chini, mara mia na zaidi katika siku moja ya sikukuu. Hapa yafaa kueleza jinsi njia hiyo ilivyo, maana ugomvi wote uliofuata watoka humo.

Njia ya rolakosta ya mbao si gogo moja. Ni mbao nyembamba zilizolazwa moja juu ya nyingine, kwa desturi tabaka 8, nyingi zikiwa za msonobari wa manjano wa kusini mwa Marekani. Kila tabaka hupigwa misumari juu ya ile iliyo chini yake, na viungo hupishanishwa ili pasiwepo mahali ambapo tabaka zote zimekatika pamoja. Ubao mwembamba hukubali kupindwa ukafuata kona, na ukiisha kufungwa na wenzake hukaa katika pindo hilo. Boriti moja ya unene ule ule ingevunjika mikononi mwa fundi. Tabaka mbili za juu ni pana kuliko zilizo chini, zikatokeza kama ukingo wa meza, na chini ya ukingo huo ndipo lipitapo gurudumu la Miller. Juu ya yote hulazwa ukanda wa chuma wenye upana wa inchi 4 hivi, na ukanda mwingine ubavuni, kwa kuwa gurudumu la chuma likiugusa ubao mtupu huula. Yote hayo hukaa juu ya mataruma, mataruma juu ya boriti, boriti juu ya nguzo. Na nguzo huyumba. Mgeni aonaye kiunzi kikinepa treni inapopita hutiwa hofu, lakini fundi angetiwa hofu kama kisingenepa. Kiunzi cha mbao hufanya kama chombo kizuri juu ya mawimbi, hukubali kidogo ili kisikatike.

Sasa treni ifike bondeni. Abiria hujiona mzito mara tatu, na gari hali kadhalika, na mzigo wote hupita katika alama ndogo za mguso wa magurudumu. Nyuzi za ubao hubanwa. Misumari hutikisika katika matundu yake, na matundu yakipanuka maji ya mvua hupata mlango. Ubao uliolowa huvimba, ukikauka hunywea, na kila mara kati ya kuvimba na kunywea huachia msumari kidogo zaidi. Baada ya msimu mmoja au miwili hutokea kishimo ndani ya bonde, kisichoonekana kwa jicho la mpita njia. Gurudumu huanguka humo, hulipiga ukingo wa mbele, na pigo lile lile hukichimba kishimo kizidi. Ndiyo sababu mtikiso haukai hali moja. Ulioachwa mwezi wa Juni hautakuwa ule ule mwezi wa Agosti. Katika kona uharibifu ni wa namna nyingine: reli mbili husukumwa zikaachana, gari likapata nafasi isiyostahili, likaanza kugonga huku na huku kama mlevi katika uchochoro. Abiria aliyeketi juu ya ekseli hupokea mapigo hayo yote kiunoni; yule wa kiti cha katikati hupokea kidogo, na wapenzi wa mchezo huu wajua siri hiyo, huchagua viti kabla ya kuchagua marafiki wa kuketi nao.

Dawa ni moja, nayo ni ya kale. Bustani ikifungwa kwa majira ya baridi, mafundi hung'oa ukanda wa chuma, huondoa tabaka zilizooza, pengine mbili za juu, pengine zote nane, huzilaza mpya, huzipinda na kuzipigilia, huzikata ncha kwa msumeno palepale juu angani, kisha hurudisha chuma. Njia nzima haitengenezwi mwaka mmoja. Hutengenezwa kipande kwa kipande, hivi kwamba rolakosta yenye umri wa miaka 90 huenda haina ubao hata mmoja wa njia uliokuwapo siku ya ufunguzi. Kazi hiyo ni ghali, na ubaya wake mbele ya wenye mali ni kwamba haionekani. Mwenye bustani akinunua bembea mpya aweza kuipigia ngoma na kuitangaza magazetini. Akitumia fedha nyingi katika mbao za bonde la tatu, lililo jema aweza kulitazamia ni kwamba hapana mtu atakayelalamika.

Mwaka 1927 ulitoa mifano miwili ambayo yastahili kuwekwa bega kwa bega. Harry Traver alijenga mwaka huo rolakosta tatu za kutisha, na mashuhuri kuliko zote ni Cyclone ya Crystal Beach, Ontario, nchini Kanada. Kiunzi chake kilikuwa cha chuma, njia yake ya mbao, nayo haikuwa na mahali pa kupumua: kona iliingia katika kona, ukali juu ya ukali, hata ikawekwa zamu ya muuguzi kituoni kuwangojea walioshuka. Habari ya muuguzi husimuliwa mpaka leo kwa kicheko. Iliyo muhimu zaidi husahauliwa, nayo ni kwamba njia iliyomtesa abiria ilikuwa ikijitesa yenyewe, na mafundi walikuwa na kazi isiyokwisha. Nyingine mbili za jamaa hiyo, kule Revere Beach na Palisades Park, hazikumaliza miaka kumi. Ya Crystal Beach ilifungwa mwaka 1946, gharama zikiwa nyingi na wapandaji wakipungua. Chuma chake kilitumiwa kujenga Comet, rolakosta ya tabia njema, iliyofunguliwa mahali pale pale mwaka 1948. Comet ilipendwa hata bustani ya Crystal Beach ilipokufa ikanunuliwa, ikahamishwa, na mwaka 1994 ikafunguliwa upya katika bustani ya Great Escape jimboni New York. Mifupa ile ile iliyokufa kwa ukali iliishi kwa upole.

Mfano wa pili ni Cyclone ya Coney Island, iliyofunguliwa tarehe 26 Juni 1927. Vernon Keenan aliichora, Harry Baker akaijenga. Kimo chake ni futi 85 na urefu wa njia ni futi 2,640, nayo pia ina kiunzi cha chuma na njia ya mbao. Kwa hiyo wanaobishana kama rolakosta fulani ni ya mbao au si ya mbao wafaa kutazama chini ya gurudumu, si chini ya njia. Si ya upole. Hata hivyo imepona katika hatari nyingi, pamoja na shauri la kutaka ibomolewe ili pumziko la samaki lipanuliwe mahali pake, na mwaka 1988 jiji la New York likaitangaza kuwa alama ya kumbukumbu. Tangazo la namna hiyo huzuia nyundo ya mbomoaji. Haliwezi kuzuia mvua.

Zama njema zilivunjwa na umaskini wa miaka ya 1930, kisha vita vikachukua mbao, chuma na vijana. Bustani nyingi zilikufa, na katika zile zilizobaki rolakosta zilizeeka bila ya mafundi. Mwaka 1959 bustani ya Disneyland ilifungua Matterhorn, ambayo treni zake zilipita juu ya mabomba ya chuma. Bomba halivimbi wala halinywei. Hupindwa kiwandani kwa kipimo, huletwa likafungwa kwa bolti, na gurudumu la plastiki ngumu huteleza juu yake kwa utulivu. Kwa kipimo cha starehe peke yake, ubishi ulikuwa umekwisha siku hiyo. Rolakosta ya mbao ilipofufuka, haikufufuka kwa kuwa laini kuliko chuma. John Allen wa kampuni ya Philadelphia Toboggan, aliyejenga Racer ya Kings Island jimboni Ohio mwaka 1972, aliwarudishia watu kitu ambacho bomba halikuwapa: mngurumo, harufu ya mbao na grisi, na hali ya kuwa juu ya kitu kilicho hai. Vilima vyake vilichorwa kwa mkono mwororo, treni ikainuka na kushuka bila ya kuipiga njia. Allen alifahamu kwamba umbo jema la kilima ni matengenezo yaliyolipwa mapema.

Waliokuja nyuma yake walipenda ukubwa. Mwaka 1979 bustani hiyo hiyo ya Kings Island ilifungua The Beast, yenye njia ya zaidi ya futi 7,300 katikati ya msitu, na tangu hapo hapana ya mbao iliyoipita kwa urefu. Texas Giant ikaja mwaka 1990, Mean Streak ya Cedar Point mwaka 1991, yenye futi 161. Mashindano haya yalikuwa na hesabu yake, na hesabu haikuwa upande wa ubao. Msukumo wa treni dhidi ya kona hufuata mraba wa kasi, na mraba wa kasi hufuata kimo cha mteremko. Kwa hiyo kilima kikiongezwa kimo mara mbili, kona yenye upana ule ule hupokea msukumo mara mbili. Mbao za njia hazikuongezeka nguvu mara mbili. Zilibaki zile zile tabaka 8 za msonobari, na misumari ile ile. Treni nyingi nazo zilikuwa na magari marefu yenye ekseli mbili zisizogeuka, yakaingia konani kama meza inayopitishwa kwa nguvu katika mlango mwembamba. Baada ya miaka michache majitu hayo yalikuwa yamepata sifa mbaya. Breki ziliongezwa njiani kuyapunguza mwendo, na mchezo uliotangazwa kwa kasi ukawa unauzwa kwa mwendo wa kujikokota.

Ukomo wa mashindano ulikuwa Son of Beast, iliyofunguliwa Kings Island mwaka 2000. Kimo chake kilikuwa futi 218, ya kwanza ya mbao kuvuka futi 200, tena ilikuwa na kitanzi cha kumpindua abiria kichwa chini. Tarehe 9 Julai 2006 boriti moja ya kiunzi ilivunjika, njia ikabonyea mahali hapo, na treni iliyopita ikaangukia katika bonyeo na kuinuka kwa kishindo. Watu 27 waliumia. Hapana aliyetupwa nje, treni haikuacha njia, kila kizuizi kilifanya kazi yake. Walioumia waliumizwa na mtikiso tu. Kwa mtu anayedhani kuwa usalama ni jambo moja na starehe ni jingine, ajali hiyo yafaa kufikiriwa sana. Kati ya njia inayochosha mgongo na njia inayomtia mtu hospitali pana tofauti ya kiasi, wala hapana ukuta. Kitanzi kiliondolewa, treni nyepesi zaidi zikaletwa, lakini mwaka 2009 ilifungwa tena baada ya malalamiko mengine ya maumivu, na mwaka 2012 ikabomolewa. Ilikuwa imeishi miaka michache kuliko Cyclone ya Crystal Beach.

Tangu hapo mafundi wamegawanyika, na mgawanyiko wao ni wa maana kuliko yote yaliyotokea tangu Miller. Kundi moja lilisema kosa ni la ubao. Kampuni ya Rocky Mountain Construction ya jimbo la Idaho iliichukua Texas Giant, iliyofungwa mwaka 2009, ikang'oa njia yote ya mbao, ikaacha kiunzi, na juu yake ikaweka reli ya chuma iliyoungwa kwa bamba. Ilipofunguliwa Aprili 2011 ilikuwa na mteremko mkali kuliko ule wa kwanza, na walioipanda walishuka bila ya kushika viuno. Mean Streak nayo ilifungwa mwaka 2016 ikarudi mwaka 2018 kwa jina la Steel Vengeance, futi 205, ikipita kwa kasi mahali ambapo mama yake alijikokota. Ushindi huo haukatawi. Walakini kilichoshinda ni chuma. Mbao zilizobaki zimekuwa jukwaa la kukibeba.

Kundi la pili lilisema kosa ni la mkono wa fundi. Ubao ukatwe kiwandani kwa kipimo kisichokosea, tabaka zigandishwe kwa gundi, vipande viletwe kamili na kufungwa kwa bolti kama bomba lifungwavyo. Kampuni ya Intamin ilifanya hivyo Colossos katika Heide Park, Ujerumani, mwaka 2001, na El Toro huko New Jersey mwaka 2006, na watu wakastaajabu kwamba mbao zaweza kuwa laini hivyo. Miaka ilileta jibu la polepole. Colossos ilifungwa mwaka 2016 kwa kuchakaa kwa njia yake, na haikufunguliwa mpaka mwaka 2019, baada ya njia kuwekwa mpya. El Toro ilipiga kishindo kizito Agosti 2022, abiria kadhaa wakaumia, ikakaa imefungwa hadi mwaka uliofuata. Njia hiyo yazeeka kwa adabu kwa muda mrefu, kisha yazeeka kwa ghafula. Na kipande kimoja kikiharibika, seremala na msumeno wake hawezi kukikata kingine palepale juu angani, maana chapaswa kuagizwa kiwandani.

Shauri la wale waliobaki kati ya makundi hayo halina kelele, na yamkini ndilo lenye busara kuliko yote. Hao hawakuiacha njia ya tabaka wala kuuacha ubao, ila walitazama magari na michoro. Kampuni ya Great Coasters iliwaletea watu treni ya magari mafupi yenye ekseli moja moja, yanayofuatana konani kama viungo vya tandu, kuanzia Lightning Racer ya Hersheypark mwaka 2000. Gari lisiposhindana na kona, kona hudumu. Na katika majira ya baridi yaliyoishia mwaka 2022 The Beast ilitengenezwa kwa jambo lisilo la kutangazwa sana: kampuni ya Gravity Group iliondoa kiasi cha futi 2,000 za njia, ikaweka mbao zilizokatwa awali kwa umbo la kila pindo badala ya kupindwa kwa nguvu, na mteremko wa kwanza uliokuwa wa nyuzi 45 ukafanywa wa nyuzi 53. Ubao usiolazimishwa hautafuti kurudi katika unyofu wake, na misumari yake haina vita vya kupigana.

Limebaki swali la wanaohifadhi mambo ya kale, nalo halikutatuliwa na fundi yeyote. Giant Dipper ya Santa Cruz na Leap-The-Dips zimeandikwa kuwa alama za historia za taifa la Marekani. Mtu ataandikaje kumbukumbu ya kitu ambacho maungo yake hubadilishwa kila baridi? Akikataza ubao mpya, aua. Akiruhusu chuma, ahifadhi jina. Wapo wapenzi wanaosema kwamba mtikiso wenyewe ni sehemu ya urithi, na kwamba rolakosta isiyotikisa ni kama kahawa isiyo chungu. Neno hili ladha yake ni nzuri, lakini mara nyingi husemwa na vijana wenye shingo imara. Wajenzi wa zamani hawakukusudia vishimo. Walikusudia vilima, na njia ya Thompson au ya Miller siku ya ufunguzi wake ilikuwa nyororo kadiri ya uwezo wa randa na nyundo.

Katika mji wa Margate, Uingereza, Scenic Railway ya Dreamland ilijengwa mwaka 1920 na John Henry Iles, aliyekuwa amenunua kwa Thompson haki za kuijenga namna hiyo Ulaya. Serikali iliiandika katika orodha ya majengo ya kuhifadhiwa. Aprili 2008 ilichomwa moto. Kituo kikaungua, treni zikaungua, na sehemu ya njia na kiunzi ikawa majivu. Mwaka 2011, ikiwa bado imesimama nusu gofu, daraja lake katika orodha lilipandishwa. Mafundi wakaleta mbao mpya, wakazilaza tabaka juu ya tabaka katika umbo lile lile la mwaka 1920, bila ya gurudumu la chini, na bila ya chuma zaidi ya kilichokuwapo. Treni mpya zikaundwa. Zilipoanza kuchukua abiria Oktoba 2015, kila moja ilikuwa na nafasi iliyoachwa kwa ajili ya mtu wa breki, na mpini wake.